Jinsi tulivyofanya mtihani wa permi tukiwa watu wazima

Maneno ya kikundi cha madereva, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kashebere



Komite ilituomba tujibu swali moja. Swali lilitoka kwa wafadhili kwa barua, na lilitoka pia hapa hapa kijijini, kwenye kisima na nyuma ya kanisa: namna gani watu wazima watano wametumia miezi kumi na mitatu, na makuta yote ile ya safari za Goma, ili kuleta permi tatu tu? Ni swali la haki. Tutalijibu. Lakini mbele ya kulijibu tunapaswa kurekebisha jambo moja. Katika ripoti ya mwezi wa sita tuliandika kwamba mtihani wa kwanza uliahirishwa. Haukuahirishwa. Ulifanyika, tulikuwako, na hakuna hata mmoja wetu aliyefaulu. Wawili hawakufika hata kwenye meza. Tuliandika uongo juu tulisikia haya, na leo tunauondoa.

Kwa wale ambao hawajui habari ya gari, tuseme kidogo. Chama kilinunua Land Cruiser ile kuukuu, nusu kwa makuta ya wanachama, nusu kwa msaada wa wafadhili, ili mgonjwa wa hapa asibebwe tena kwa tipoi mpaka Nyabiondo. Barabara mnaijua wenyewe. Wakati wa mvua hata Fuso inalala matopeni siku tatu, na salongo ya kijiji ndiyo inaitoa. Tuliajiri dereva kijana. Akaenda Rubaya kuchimba koltani. Tukaajiri wa pili, akaenda Bisie. Wa tatu alipata kazi Goma. Hatuwalaumu, kijana anatafuta maisha. Lakini gari lilibaki chini ya muembe, na kuku wakaanza kutagia ndani.

Kisha ukaja usiku ule wa mama mwenye uzazi mgumu. Dereva hakuwako, alikuwa amekwenda kwenye matanga. Mmoja wetu watano alijua kuendesha tangu ujana wake, lakini permi hakuwa nayo. Wanaume walikuwa tayari wameanza kufunga tipoi. Yeye akasema, "Leteni funguo." Alimfikisha mama yule Masisi, kwenye hospitali kuu, kabla ya jua kutoka. Mtoto yupo, leo anakimbia hapa nje na wenzake, mnamsikia. Wakati wa kurudi alisimamishwa njiani, akaulizwa permi, na gari likazuiwa siku tisa. Kulitoa kulikula akiba ya miezi miwili. Hapo ndipo mkutano uliamua: tusitafute tena vijana wa kuondoka. Tuchague watu wenye mashamba hapa, wenye watoto hapa, ambao hata wakipata permi hawataenda popote. Mkatuchagua sisi: wanaume watatu na wamama wawili. Mdogo wetu alikuwa na miaka 34, mkubwa 57.

Vijana walicheka. Mmoja alisema, "Ba mukoko bataendesha gari?" Tulicheka pamoja nao, lakini usiku hatukucheka.

Kujifunza kuendesha kwenyewe hakukuwa kugumu kama tulivyofikiri. Mwalimu wetu ni papa mmoja wa chama, mwenye aliendesha Fuso miaka mingi kati ya Goma na Masisi. Alitupeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule, akapanga mawe, akatuambia tupite katikati. Ambreyaji, vitesi, freni. Gari liliruka kama mbuzi, watoto wakapiga kelele, na baada ya majuma matatu likaacha kuruka. Alituambia, "Gari haiko na haraka. Haraka iko na weye." Alama za barabara alizichora juu ya katoni za sabuni. Alikuwa pia na kijitabu cha sheria ya barabara, ile ya 30 Agosti 1978, kimenakiliwa mara nyingi mpaka herufi zimekuwa ukungu. Wengi wenu mlioketi hapa mlizaliwa baada ya sheria hiyo. Kulima kwenye mteremko, kubeba mtoto mgongoni na maharagi kichwani, vyote hivi vinamfundisha mtu kuangalia pande zote. Mama mmoja kati yetu alisema usukani ni mwepesi kuliko jembe, na tunakubali.

Kwa hiyo tulikwenda Goma tukiwa na kiburi kidogo. Tulilala Ndosho kwa ndugu zetu, tukajiandikisha kwenye shule ya kuendesha ili tupate cheti chake kwanza, na hapo tukaona mambo mapya. Kashebere hakuna ronpwe. Goma unaikuta ile ya sanamu ya chukudu, pikipiki zinaingia kutoka kila upande, na kila mtu anapiga honi kama vile honi ndiyo freni. Tena gari la shule lilikuwa na usukani kuume. Magari mengi ya huko yanaingia kwa njia ya Mombasa ao Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume, wakati sheria yetu inasema tupite upande wa kuume wa barabara. Basi dereva anakaa kwenye ukingo wa mtaro, na akitaka kumpita Fuso inabidi amuulize abiria kama njia iko wazi. Tulizoea. Tunasema haya ili mjue kwamba haikuwa gari iliyotushinda.

Siku ya mtihani tuliketi kwenye benchi tangu saa moja ya asubuhi, pamoja na vijana wengi. Mtu mmoja akatoka na karatasi mkononi, akaanza kuita majina.

Ndugu zetu, ninyi mliokaa Mugunga, Bulengo, ao kwenye mashule ya Sake wakati ule wa 2012 na miaka iliyofuata, mnajua sauti ya mtu mwenye kuita majina. Ukisikia jina lako, familia inakula. Usiposikia, unarudi kwenye hema mikono mitupu na mwezi ujao uko mbali. Hatukuwa tumewaza habari hizo kwa muda mrefu. Lakini sauti ile ilipoanza, sisi watano wote tulinyamaza kwa wakati mmoja, na tumbo likashuka.

Papa wetu wa miaka 57 alisema anaenda kujisaidia. Tulimkuta jioni Ndosho, ameketi. Mdogo wetu alizuiwa mlangoni juu alikuwa amekunywa kasiksi ili apate nguvu, na harufu ilimtangulia. Tukiwa hapo hapo: kasiksi haisaidii. Inakufanya ujione jasiri mpaka kwenye mlango tu.

Mama wa kwanza alifika kwenye meza. Ametupa ruhusa ya kusimulia, na ameketi hapa mbele. Kambini, mtu wa kuandika majina aliliandika jina lake vibaya, akampa jeto yenye jina la mtu mwingine kabisa. Alitaka kusahihisha. Wenzake wakamwambia, "Nyamaza tu, mama. Ukisema, banakutosha ku lisiti." Kwa hiyo miaka miwili, kila mara waliposoma jina lile, yeye ndiye alisimama. Watoto wake walikula kwa jina lile. Sasa pale kwenye meza, mtu mwenye inifomu akamuuliza nom, postnom, prenom. Naye akataja jina la jeto.

Yule mtu akaangalia karte ya elektere. Akauliza, "Mama, hii karte iko ya nani?"

"Yangu, mukubwa."

"Na weye ni nani?"

Hakujibu. Anasema mpaka leo hajui alisimama pale muda gani. Mtu yule hakuwa mbaya, hata alimsogezea kiti. Lakini mama alichukua karte yake, akatoka, akatungojea kwenye ukuta wa nje na kitenge juu ya kichwa kana kwamba mvua inanyesha.

Mwenzetu wa usiku ule wa Masisi alijibu maswali ya alama bila shida. Akapelekwa kwenye gari. Akaondoka vizuri, akapanda kilima vizuri. Mtahini akamwambia asimame kando. Akasimama vizuri sana, akawasha taa ya kando, halafu mikono yake ikafanya kazi yenyewe: ikazima gari, ikashusha kioo, ikatoa karte yenye noti ya franka elfu moja imekunjwa ndani. Mtahini akamwangalia, akaangalia noti. Akamwuliza, "Papa, miye niko bariyeri?" Kisha akamwomba ashuke.

Mama wa pili alizimisha gari mara tatu kwenye ronpwe. Hayo yanampata kila mtu.

Tulirudi nyumbani kwa lori la maharagi lililokuwa linarudi tupu, na njiani tulikubaliana maneno ya kusema. Ndivyo uongo wa ripoti ulivyozaliwa, kati ya Sake na Masisi, juu ya magunia.

Tuliushika majuma saba. Kila Alhamisi tunakutana kwenye MUSO, tunafungua masanduku, la kijani la akiba na mikopo, jekundu la msaada wa wagonjwa na misiba, tunahesabu, tunafunga. Alhamisi moja, katibu alisoma majina ya waliotoa mchango, kama kawaida. Alipofika kwa mama yule, hakuitika. Katibu akarudia. Mama akaanza kulia, kisha akasimulia yote, jeto, meza, kiti, ukuta. Hakuna aliyesema neno. Baadaye mwenzetu wa noti akasema, "Na miye pia," akasimulia ya kwake, na hapo watu walicheka, naye akacheka, na ilikuwa vizuri. Halafu wanachama ambao hawakwenda hata Goma wakaanza: mmoja hawezi kwenda posta ya serikali kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwingine alikataa kusimama shahidi kwa shefu juu ya shamba lake mwenyewe. Tukaona kwamba tulikuwa tumepeleka Goma watu wanaojua kuendesha na wanaogopa meza. Mwalimu wa Fuso alikuwa amejifunza barabara yote, lakini meza hakutufundisha, juu hata yeye hakujua kwamba iko somo.

Basi tulianza kuifundishana. Baada ya kufunga masanduku, tuliweka meza katikati ya darasa na kiti mbele yake. Katibu akawa mtahini. Mara ya kwanza alivaa shati lake la kila siku, na hakuna kilichotokea, tulijibu kama watu wanaopiga hadithi. Woga haukuja. Mwalimu wetu akaazima koti na kofia ya mtoto wa dada yake, mwenye ni mlinzi. Alhamisi iliyofuata katibu aliingia na koti ile, karatasi mkononi, na wawili wetu tukasimama kutoka kwenye viti bila kuambiwa. Njo pale tulijua tumepata kitu cha kufanyia kazi.

Aliita majina kwa sauti ya juu. Mara nyingine aliyakosea kwa makusudi, na kazi yako ilikuwa kusema, "Hapana, shefu, jina langu ni hivi." Ni sentensi fupi. Mama yule ilimchukua Alhamisi nne. Ya kwanza alitaja tena jina la jeto. Ya pili na ya tatu alinyamaza. Ya nne alisema nom, postnom, prenom, yote matatu, polepole, na darasa likapiga makofi. Akageuka akasema, "Musipige mikono. Jina ni yangu."

Kila aliyetoka kwenye kiti alipaswa kusema woga ulimkamata wapi mwilini: tumbo, mikono, masikio. Mdogo wetu alisema masikio yake yanajaa kama mtu aliye chini ya maji, hasikii swali. Tukamfundisha kusema, "Rudia, tafadhali." Mwenzetu wa noti tulimzoeza kutoa karte ikiwa peke yake. Ilikuwa vigumu kuliko tulivyodhani, vidole vyake vilitafuta mfuko. Mwishoni alikuwa anamwachia bibi yake makuta yote kabla ya kuketi.

Jambo lingine ni lugha. Wamama wetu wawili hawasomi Kifaransa. Alama ni michoro, hazihitaji Kifaransa, lakini maswali yanaulizwa. Tulipeleka mtu Goma kuuliza kama mtu anaweza kuulizwa kwa mdomo na kujibu kwa Kiswahili. Wakasema ndiyo. Kiswahili ni lugha ya taifa, kimeandikwa kwenye katiba ya 2006 pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mara ya kwanza hatukuwa tumeuliza. Mtu aliyezoea kuogopa haulizi, anafikiri jibu ni hapana.

Wafadhili wetu watatafuta kazi hii ya Alhamisi kwenye hesabu na hawataiona. Haikugharimu kitu ila mafuta ya taa. Iliyogharimu ni safari ya pili, na miezi ambayo hatukuweza kutoka, kwanza juu ya mvua, kisha juu ya usalama. Hesabu iko kwa mweka hazina, kila mtu anaweza kuiangalia.

Mara ya pili tulikwenda wanne. Papa wetu wa 57 alituambia mapema kwamba hatakwenda. Kuna safari moja ya gari mwaka 2012 ambayo hapendi kuisema, na hatukumuuliza. Sasa yeye ndiye anashika daftari la gari: mafuta, tairi, nani ametoka, saa ngapi. Tangu aanze, hakuna lita iliyopotea. Wengine walisema anakula mshahara wa dereva bila kuendesha. Hapokei mshahara, tunasema wazi hapa.

Benchi lilikuwa lile lile. Karatasi ikatoka, majina yakaanza. Tumbo lilishuka tena, tusidanganyane. Lakini safari hii tuliangaliana, na mama akasema kwa sauti ndogo, "Koti ya katibu ni mubaya kupita hii." Alipoitwa alikwenda, akajibu jina lake, akaomba maswali kwa Kiswahili. Mwenzetu wa Masisi alituachia pochi yake kwenye benchi. Alipoambiwa asimame kando, alitoa karte tupu, na mtahini, ambaye alikuwa yule yule, aliigeuza mbele na nyuma akacheka. Mdogo wetu aliomba swali lirudiwe mara mbili. Watatu hao walifaulu, na baada ya kungoja kingine kirefu permi zao zikatoka. Mama wa pili alishindwa tena kwenye ronpwe ile ile. Anasema sasa anaijua vizuri kuliko wenye kukaa Goma.

Mama mwenye jina alimpeleka mgonjwa wa kwanza Masisi juma lililofuata. Anatuambia kwamba akiona kamba imefungwa barabarani mikono yake bado inatoa jasho, na kwamba anaipangusa kwenye kitenge kabla ya kutoa permi. Wanamuuliza maswali, anajibu, anapita.

Tunamalizia na maombi. Tunaomba mkutano umruhusu mama wa pili kukopa kwenye sanduku la kijani makuta ya safari moja tu ya Goma, atayarudisha kutoka nauli za maharagi. Sanduku jekundu lisiguswe, ni la wagonjwa. Siku za soko gari linatoka hapa saa kumi na mbili ya asubuhi, na mzigo uandikwe kwa papa wa daftari jioni ya kwanza, si asubuhi na kelele. Mgonjwa wa usiku, mpigie mlango yeyote kati ya watatu.

Tena, watu wanne wamejiandikisha kwa mtihani ujao, na mmoja ana miaka 61. Meza ya katibu inaanza tena Alhamisi hii baada ya MUSO. Yeyote mwenye ana shida na ofisi yoyote, hata kama hataki gari, anakaribishwa kukaa kwenye kile kiti. Aje na kiti kingine cha kwake cha kungojea, juu viti vya darasa havitoshi.